Vikapu Viwili vya Nurten

Mpanga safari hubakiza siku. Hapa Muheza utaisikia methali hii ikisemwa kwa anayekwenda Hija, kwa wenye harusi wanaopangiana saa, hata kwa fundi aliyeapa kwamba nyumba itaezekwa kabla ya masika. Wengi hudhani wameirithi kwa wahenga. Wahenga wamesingiziwa. Chanzo chake ni mimi, Mwalimu Saumu Mhina, na haikutokana na busara yangu bali na ujinga wangu.

Majuzi mjukuu wangu Latifa alikuja nyumbani na rafiki yake Yusta. Latifa amejinyima miaka miwili ili akazunguke Uturuki, peke yake, kwa fedha za kubana. Wakatandaza makaratasi sebuleni mpaka nikakosa pa kuweka mguu. Kila siku ilikuwa na mji wake, kila mji una basi lake, na kila basi lina saa yake. Hata saa ya kunywa chai ilikuwa imeandikwa. Nikainama, nikatazama, nikasema, "Mpanga safari hubakiza siku."

Yusta akacheka. "Hata mama yangu husema hivyo nikichelewa kanisani! Bibi, maneno hayo yalitoka wapi?"

"Yametoka kwa yule pale," nikasema, nikaonyesha ukutani.

Pale ukutani pana picha ya mwanamke aliyefunga kanga kichwani, amesimama katika shamba la chai, kulia kwake kikapu na kushoto kwake kikapu. Latifa ameiona picha hiyo tangu anatambaa. Siku hiyo ndipo alipokiri kwamba maisha yake yote alidhani nimeikata kwenye kalenda. Nikawaambia wasogeze makaratasi yao, wakae chini, nami nikawasimulia.

Baba yangu alifanya kazi kiwanda cha chai kule Amani. Nilikua nikinusa majani ya chai kwenye shati lake kila jioni. Nilipokuwa sekondari, mwaka wa sabini na nne, mwalimu wetu wa Kiingereza alileta orodha ya wasichana wa nchi za mbali waliotaka rafiki wa kalamu. Wenzangu waligombania London na Paris. Mimi nilimchagua msichana wa Uturuki aitwaye Nurten, kwa sababu moja tu, kwamba aliandika baba yake ni mkulima wa chai. Nikasema, kumbe huko nako kuna watu wananukia kama baba.

Tuliandikiana miaka kumi na tisa bila kuonana. Nilimweleza nilipofaulu, nilipoolewa, nilipofiwa na mume. Naye alinieleza mambo yake, na mengine sitawaambia mpaka kesho. Nilimpelekea chai ya Amani, akaniletea ya kwao. Akasema yetu ni kali mno. Nikamjibu kwamba ya kwao haiwezi kumwamsha hata paka. Lakini kila barua yake, iwe ya furaha au ya msiba, iliisha kwa sentensi ileile: Siku utakayokuja, tutachuma chai bega kwa bega.

Mwaka wa tisini na tatu, likizo ya mwezi wa sita, nikasema nakwenda. Watu walisema mengi. Mwanamke mjane, peke yake, Uturuki ana nani? Mama yangu hakuuliza hayo. Aliuliza tu, "Huyo Nurten anajua kwamba unakwenda?" Nikamwambia nimeshamwandikia.

Sasa nyie mnajua kwamba nilikuwa mwalimu wa jiografia. Nilichukua ramani na rula, nikapanga safari ambayo ungedhani ni ratiba ya mitihani. Miji saba, na kila mji usiku mbili. Istanbul, Izmir, Konya, Kapadokia kwenye nyumba zilizochongwa ndani ya majabali, kisha Rize kwa Nurten, halafu Erzurum na Ankara. Mabasi tu, na nyumba za wageni za bei nafuu.

Kwa nini usiku mbili? Kwa sababu nimelelewa kwa uji na methali, na methali niliyoiogopa kuliko zote ni ile isemayo mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Marehemu bibi yangu alikuwa akituambia kwamba mgeni mwenye adabu haoni hilo jembe, huaga kabla halijatoka uvunguni. Basi nikaenda hadi Uturuki na adabu yangu. Hata kwenye nyumba za wageni ambako nilikuwa nalipa, siku ya tatu nilikuwa nimeshabeba mkoba! Nikifika mji wowote, kitu cha kwanza, kabla ya kunywa maji, nilikata tiketi ya kuondokea.

Na nchi ile, wanangu, ilinipokea vizuri. Nilikula mikate ya duara yenye ufuta nikitembea barabarani bila kuona haya. Ndani ya basi utingo alipita akimmiminia kila abiria marashi viganjani, nami mara ya kwanza nilitaka kuyanywa. Konya, mama mmoja muuza vitambaa alinishika mkono akanionyesha kwa ishara kwamba kesho kutwa binti yake anapakwa hina, nibaki nicheze nao. Nikatikisa kichwa, nikamwonyesha karatasi yangu. Hakuna mtu aliyenibana katika safari ile. Nilijibana mwenyewe.

Nikafika Rize. Milima imesimama karibu na bahari, imefunikwa chai hadi juu, na mvua nyepesi ilikuwa ikinyesha kama ile ya Amani. Nilisimama stendi nikalia. Kisha nikafuta machozi, nikaenda kukata tiketi ya kuondokea.

Nyumba ya akina Nurten ilikuwa kijijini, juu ya mji. Aliyenifungulia mlango ni mdogo wake, Sevim, ambaye alijua Kiingereza alichofundishwa na dada yake. Akaniangalia, akapiga kelele, akanikumbatia. Nikauliza, "Nurten yuko wapi?"

Nurten hakuwepo. Barua yangu ya kueleza tarehe ilikuwa imefika jana yake tu. Yeye alikuwa amepanda na ng'ombe kwenye malisho ya mlimani, mbali sana, kusikokuwa na simu, na kufika huko kwa miguu ni siku nzima. Jirani alikuwa ameshatumwa kumwita.

"Keshokutwa atakuwa hapa," Sevim akasema.

Keshokutwa ndiyo siku ya basi langu. Lilikuwa linaondoka saa nne asubuhi. Nikajipa moyo kwamba atawahi.

Siku mbili zile nililishwa mpaka nikaogopa kukaa kitini. Mama yao, Bi Fadime, hakujua neno langu hata moja wala mimi lake, lakini kila nilipoinua macho alikuwa ananisukumia kitu, mkate wa mahindi, jibini ya moto inayovutika, kabichi. Nililala kwenye kitanda cha Nurten. Barua zangu zote zilikuwa ndani ya kopo la biskuti, zimefungwa utepe. Juu ya kabati palikuwa na pakiti ya chai ya Amani, ile ya mwisho niliyompelekea, haijafunguliwa.

"Anaitunza," Sevim akaniambia. "Anasema ataifungua mkiwa wawili."

Asubuhi ya siku ya tatu nikaamka mapema, nikafungua mlango nichungulie njia ya mlimani. Pale kizingitini nikakuta vikapu viwili vya kubeba mgongoni, kimoja kikuukuu na kimoja kipya, na mikasi miwili mikubwa ya kuchumia chai.

Nikasema, jembe hilo. Nimeoneshwa jembe. Mama wa watu ametoa alichokuwa nacho, na hapa kwao jembe ni mkasi. Aibu niliyoiona siku hiyo sijaiona tena. Nikarudi ndani, nikafunga mkoba.

Sevim alinikuta nikivaa viatu. "Dada, unakwenda wapi?"

"Basi langu ni saa nne."

"Lakini Nurten yuko njiani! Alasiri utamwona. Kaa leo tu."

"Nimekaa siku mbili, mdogo wangu. Zinatosha."

"Nani amesema zinatosha?"

Nikamwonyesha tiketi. Akasema, "Hiyo ni karatasi, dada." Nikamwambia nimeshailipia, na Erzurum chumba kinanisubiri. Uongo mtupu, hakuna chumba kilichokuwa kinanisubiri. Bi Fadime akatoka jikoni mikono ina unga, akaniona na mkoba, akaanza kusema kwa haraka huku akivinyooshea vidole vile vikapu. Sikungoja nitafsiriwe. Vikapu nilishavielewa, au ndivyo nilivyodhani. Nikambusu mkono kama nilivyowaona wao wakifanya, nikampa Sevim kanga niliyomletea Nurten, nikatoka.

Nilipogeuka, Bi Fadime alikuwa amesimama mlangoni, anamwaga kata ya maji chini, nyuma ya nyayo zangu. Alikuwa analia. Sevim akapaza sauti, "Ni ili uende kama maji, urudi kama maji!"

Erzurum nilifika. Ankara nilifika. Msiniulize kuna nini huko, sikumbuki kitu.

Barua ya Nurten ilikuja baada ya miezi miwili. Nilimsomea mama jikoni, nikiigeuza Kiswahili neno kwa neno. Aliandika hivi:

"Nilifika saa tisa. Niliteremka nusu ya njia nikikimbia, na viatu nilivua kwa sababu ya matope. Sevim aliponiambia, nilikimbia tena hadi stendi, nimekushikia siagi niliyokutengenezea kule juu. Nilimuuliza kila dereva. Saumu, mama aliweka vikapu mlangoni, changu cha zamani na chako kipya. Hicho chako alikusukia mwaka ule uliposema kwamba ipo siku utakuja. Alitaka nikifika tu tubebe, twende shambani, kabla hata sijakaa. Sevim anasema ulivitazama sana. Hukuona kwamba ni viwili? Ulipanga miji saba, rafiki yangu, na mimi hukunibakizia siku."

Mama aliuweka mwiko chini. "Vilikuwa viwili?" akauliza.

"Viwili, mama."

"Na wewe ulikuwa mgeni mmoja."

"Nilidhani wananipa jembe, mama. Nilidhani wamenichoka."

Akatikisa kichwa. "Jembe si fimbo, Saumu. Anayepewa jembe ameshakuwa wa nyumbani." Kisha akachukua mwiko wake, akakoroga mchuzi, akasema polepole kana kwamba anajiambia mwenyewe, "Mpanga safari hubakiza siku."

Tangu hapo mama hakuniacha na maneno yale. Aliyasema bombani, aliyasema misibani, aliwaambia mahujaji, akawaambia na wasiokwenda popote. Kabla ya miaka mitano nikayasikia ofisi ya elimu, yakisemwa na mtu asiyenijua.

Nurten hakuninunia. Aliniletea ile picha, amefunga kanga yangu kichwani, na vikapu vyetu huku na huku. Nyuma yake aliandika sentensi yake ileile. Nikamwahidi nitarudi mwakani. Mwakani shule ilikosa mwalimu. Mwaka uliofuata mama aliugua, nikamuuguza mpaka akatutoka. Mwaka wa tisini na tisa ikaja barua yenye mwandiko wa Sevim. Nurten alifariki wakati wa baridi, kwa maradhi ya mapafu. Niliisoma mbele ya kidato cha pili, nikashindwa kuendelea na somo, watoto wakabaki wananitazama. Mpaka leo kuna jambo moja natamani ningemwambia ana kwa ana, kwamba niliona ni viwili. Niliona. Sikujua tu kwamba kimoja ni changu.

Nilipofika hapo, Yusta alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Latifa alikuwa ananitazama kama ananiona mara ya kwanza.

"Bibi, huyo Sevim yu hai?"

"Yu hai. Siku hizi ananitumia picha za mvua kwenye simu. Kikapu kipya amekitundika jikoni kwake, na pakiti ya chai bado iko kabatini. Anasema haoni wa kuifungua naye."

Latifa akavuta makaratasi yake. Rize haikuwemo. Akachukua kalamu, akafuta mji mmoja, akasita, akafuta na mwingine. Akaandika Rize. Chini yake akaacha mistari mitupu mpaka mwisho wa ukurasa.

"Hapo utakaa siku ngapi?" Yusta akamuuliza.

"Sijui," akasema.

Nikaenda jikoni, nikamletea pakiti ya chai ya Amani. Nikamwambia hii ni ya kunywa, na ile ya kabatini, hata kama imeshakuwa vumbi, waifungue wakiwa wawili.

"Na siku ya tatu wakinitolea kikapu, Bibi?"

"Kibebe, mwanangu. Uende ukachume."

Akaikunja ile karatasi taratibu, mistari mitupu ikiwa juu. Mpanga safari hubakiza siku.