Kwenda kwa Mghoi na Kurudi

Mfano huu aliutoa kwanza Mzee Zakayo Mwadime, msomaji wa kanisa dogo katika milima ya Taita, Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi ya mwaka 1998. Aliutoa kwa ruhusa ya wenyewe, na wenyewe walikuwamo kanisani siku hiyo, benchi la tatu, wakimsikiliza.

Mtu mmoja alikuwa na daftari. Mtu huyo ni Wakesho, karani wa zahanati, mwanamke aliyependa kila jambo liwe na kipimo chake. Mama yake, Mkawasi, alipolazwa na ugonjwa ambao hakuinuka nao, Wakesho alianza kuliandika daftari hilo kutoka pande mbili. Upande wa mbele aliandika mapishi ya mama, ili yasije yakaondoka naye. Upande wa nyuma aliandika tarehe: nani amekuja kumwona mgonjwa, siku gani, saa ngapi.

Pishi kubwa kuliko yote lilikuwa pilau ya Krismasi. Mkawasi aliipika kila mwaka tangu 1958, katika sufuria moja nyeusi iliyovunjika mkono mmoja, na watoto na wajukuu walipanda mlima kutoka Voi na Mombasa kuja kuila. Lakini hakuwa mtu wa vipimo. Aliposema iliki kiasi, Wakesho alimletea iliki aoneshe hicho kiasi kiganjani, kisha akazihesabu: kumi na moja. Aliposema vitunguu vikaangwe mpaka vifanane na udongo wa shamba la chini, Wakesho alishuka shambani akaleta bonge la udongo, akaliweka dirishani pa jiko.

Wakafika mahali ambapo nyama imekwisha kukaangwa na viungo, na mchele bado haujatiwa. Mkawasi akasema, "Hapo naepua, nafunika, naenda kwa Mghoi. Nikirudi naendelea."

Wakesho akauliza, kwa muda gani. Mama akajibu, mpaka arudi.

Mghoi alikuwa mke wa baba mdogo wa Wakesho, na nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya mfereji wa kumwagilia mashamba. Wakesho alifikiri akaona sababu. Zamani hapakuwa na saa nyumbani, kwa hiyo mama alipima kwa miguu. Nyama ilihitaji kutulia na viungo, basi. Akavaa saa yake, akatoka. Akashuka, akavuka mfereji, akapanda hadi langoni kwa Mghoi, akaigusa nguzo ya lango, akageuka. Aliporudi aliandika: epua, funika, dakika ishirini na tano. Akamsomea mama. Mama alimtazama kitambo, kisha akasema kwamba mwandiko wake ni mzuri.

Mkawasi alifariki mwezi wa Agosti, mwaka 1993. Baada ya mazishi ukoo uliketi. Kirigha, kaka yake Wakesho, fundi katika karakana moja ya Mombasa, alisimama akawashukuru waliomuuguza mama. Ndipo Wakesho akaligeuza daftari akasoma upande wa nyuma. Ugonjwa ulichukua miezi saba. Kirigha alikuja mara mbili, tarehe kumi na moja Machi na tarehe thelathini Mei. Hakuongeza neno, na hakukosea tarehe hata moja. Kirigha akaketi. Tangu siku hiyo alimpa dada yake salamu, na baada ya salamu hapakuwa na kitu.

Krismasi ile ya kwanza bila mama, Wakesho alipika kwa daftari. Iliki kumi na moja, vitunguu rangi ya udongo, dakika ishirini na tano bila kuzidi. Watu walikula, lakini hakuna aliyeongeza. Shangazi mmoja aliisifu pilau kwa sauti ambayo watu huitumia kulisifu jeneza. Kirigha hakumwambia dada yake kitu. Aliwaambia watoto, naye Wakesho akiwa anapita na sinia, "Pilau hii imesoma. Imefika kidato cha nne. Kupika tu ndiko haikufundishwa." Watu wakacheka. Wakesho naye akacheka, kisha akaenda kuosha vyombo.

Tangu hapo alianza kutafuta. Alitaka kujua ni kitu gani kilichopungua, na alikitafuta kama anavyotafuta kadi ya mgonjwa iliyopotea, rafu kwa rafu. Mwaka wa pili alibadili kuni, akakata zile za mti ambao mama aliupenda. Mwaka wa tatu alichota maji katika chemchemi ya juu badala ya bomba, akashuka hadi Voi kumtafuta mwuza viungo yule yule wa mama, ambaye alikuwa amezeeka na kuhamia kibanda kingine. Aliwauliza walaji. Mmoja alisema chumvi, mwingine alisema mafuta, wa tatu alisema labda ni mchele wa siku hizi. Hakuna wawili waliotaja kitu kimoja. Na kila mwaka pilau iliyobaki ilikuwa nyingi zaidi, na waliopanda mlima walikuwa wachache zaidi.

Mwezi wa Novemba, mwaka 1996, ilikuja barua ya Kirigha. Haikuandikwa kwa Wakesho, iliandikwa kwa nyumba. Alisema mwaka huu watakuja, lakini itakuwa mara ya mwisho, maana watoto wanataka Krismasi ya Mombasa. Wakesho aliisoma mara mbili. Wengine walikuja kwa sababu Kirigha alikuja. Asipokuja, hawatakuja, na nyumba ya mama itafungwa kufuli kama ghala lisilo na mahindi.

Akalifungua daftari tena. Kila mstari alikwisha kuujaribu, ila mmoja. Dakika zile hakuwahi kuzitilia shaka kwa kuwa alizipima mwenyewe. Basi Jumatatu, siku mbili kabla ya Krismasi, akashuka, akavuka mfereji, akapanda hadi langoni kwa Mghoi, akaigusa nguzo. Safari hii akaingia.

Mghoi alikuwa ameketi uwanjani akichambua kunde. Kabla ya salamu kuisha alimwambia kwamba leo amepita nguzo. Siku ile alimwona akiishika na kugeuka, akadhani labda ameitwa nyumbani. Wakesho aliona haya. Akamweleza habari ya saa na ya daftari, kisha akamwuliza alichojia: nyama ile ilikaa muda gani hasa?

Mghoi akaweka ungo chini. Alisema kwamba mwaka 1958 yeye na Mkawasi, wake wa ndugu wawili, walikuwa hawasemezani tangu msimu wa kupanda mbegu. Ilikuwa habari ya mfereji, nani aliyemfungia mwenzake maji. Asubuhi ya Krismasi Mkawasi alikaanga nyama, na ilipofika kutia mchele mkono wake ukakataa. Akaepua. Akaja. Mghoi akamwona kupitia tundu la mlango, akaufunga kwa komeo. Mkawasi hakuondoka. Alisimama pale penye umande, mikono inanuka vitunguu, mpaka mlango ukafunguliwa. Tangu mwaka huo, kabla ya mchele kuingia sufuriani, Mkawasi alikuja, na yote ya mwaka mzima yakasemwa. Waliahidiana jambo moja tu, kwamba watoto hawatabebeshwa ugomvi wao. Ndiyo maana mama hakumweleza.

Na muda? Muda ulikuwa haujulikani. Kuna mwaka Mkawasi hakuketi hata kwenye kigoda, walitazamana wakacheka, akarudi. Kuna mwaka, ule wa ng'ombe aliyeingia katika mahindi, pilau ililiwa taa zikiwa zimewashwa. Wakesho aliukumbuka mwaka huo. Alikuwa na miaka tisa, na alilia kwa njaa.

Akasimama, akamshukuru, akamwomba ruhusa: Jumatano atakapoepua, atakuja yeye badala ya mama. Mghoi akatikisa kichwa.

"Kwangu usije, mwanangu. Mimi na wewe hatuna neno."

Krismasi ikafika. Wakesho alikaanga vitunguu vikawa rangi ya udongo, akatia nyama na viungo. Akaepua, akafunika. Akavua saa yake, akaiweka kando ya kinu. Wifi yake akauliza kama dakika zihesabiwe tangu sasa. Wakesho akachukua daftari, akazunguka nyuma ya nyumba, ambako Kirigha alikuwa ameketi juu ya jiwe la kunolea panga, peke yake, akiutazama ukungu.

Aliogopa. Alijua kwamba kaka yake angeweza kuinuka, kuwaita watoto wake na kushuka mlima kabla ya chakula, na kwamba huo ndio ungekuwa mwisho. Akasema, "Kaka, niliandika siku mbili ulizokuja. Sikukuuliza hizo nyingine ulikuwa wapi."

Kirigha hakugeuza uso. Alinyamaza kama mlango ulio na komeo. Wakesho akasimama pale pale, mikono inanuka vitunguu. Ndani watoto walianza kuulizia chakula. Mtu mmoja aliwaambia wanyamaze.

Muda mrefu ukapita, kisha Kirigha akasema. Mwezi wa Aprili mwaka ule karakana ilimwachisha kazi, na hakumwambia mtu, hata mkewe. Mwezi wa Mei alikuja na kikapu cha vitu alivyokopeshwa na rafiki. Baada ya hapo hakuwa na cha kushika mkononi, na yeye ndiye mtoto wa kwanza. Mara tatu alipanda basi hadi njia panda, akashuka, akasimama, akapanda lile la kurudi. Mara moja alifika hadi langoni, jioni. Alimsikia mama akikohoa. Akaishika nguzo ya lango, akageuka.

Wakesho alitaka kuuliza ilikuwa tarehe gani. Akauma ulimi. Alikuwa amefikiria nguzo nyingine, ng'ambo ya mfereji, na mtu mwingine aliyeigusa akageuka. Aliligeuza daftari, akazing'oa kurasa za nyuma moja moja, bila kuharakisha, akampa kaka yake.

Waliporudi jikoni moto ulikuwa umezimika. Kirigha akachutama mbele ya mafiga, akazikunja karatasi zile, akaziwasha, akapuliza mpaka kuni zikashika. Wakesho akarudisha sufuria, akatia maji na mchele.

Pilau ililiwa jua likielekea kuzama. Nyama ilikuwa imekakamaa na chini palikuwa pameungua. Watoto waliugombania ukoko. Hakuna aliyeuliza ni kitu gani kilichopungua. Kirigha alisukuma sahani yake mbele aongezwe, akamwambia dada yake, na safari hii alimwambia yeye, "Hii imeacha shule."

Hapo Mzee Zakayo akawauliza waumini: Ijumaa hii ya Krismasi, mtakapokuwa mmekwisha kukaanga nyama, na mchele uko tayari, na wageni wana njaa, ni nani aliye na neno nawe, ambaye ungependa kuliko yote asitajwe siku hiyo?

Mzee Zakayo alifariki mwaka 2011. Mghoi alimtangulia, mwaka 2003, na mfereji wake sasa unafunguliwa na wajukuu. Kirigha yu hai, yuko Mombasa, na hupanda mlima kila Desemba. Wakesho yu hai, na daftari analo. Pale palipoandikwa dakika ishirini na tano amepiga mstari mmoja ulionyooka, na juu yake, kwa mwandiko ule ule mzuri, ameandika: mpaka urudi.