Setilaiti Juu ya Shamba la Bi Asteria

Kapinga, mwenye banda la video, alikuwa na kitambi cha mtu asiyeshika jembe, ila mashamba ya wenzake aliyapenda. Siku moja aliliita baraza la ardhi nyumbani kwake, akadai shamba la kahawa la jirani yake, Bi Asteria.

“Setilaiti yangu ya televisheni imepewa nafasi yake angani,” alisema. “Nafasi hiyo iko juu ya shamba la bibi huyu, kwa hiyo ardhi ya chini yake ni yangu.”

“Haihamihami?” aliuliza Bi Asteria.

“Haisogei hata unywele.”

“Maskini mimi! Na picha za mpira zinatoka humo humo?”

“Humo humo. Dishi langu linatazamana nayo uso kwa uso. Likigeuka kidogo tu, unaona chenga tupu badala ya picha.”

“Mwenyekiti, andika hayo, naye atie saini. Mimi nikafungashe.”

Kapinga alisaini upesi huku akicheka. Nani angepanda angani kupima?

“Una neno la mwisho, bibi?” aliuliza mwenyekiti.

“Sina. Tokeni tu nje mtazame paa lake.”

Walitoka. Shamba lilikuwa nyuma ya nyumba. Dishi lilikuwa juu ya bati, limeelekea mbele, barabarani.

“Tangu alifunge limelipa mgongo shamba langu,” alisema Bi Asteria. “Linatazama kwa kisogo?”

“Fundi alilifunga vibaya,” Kapinga alinong'ona.

“Vibaya, na jana tuliona mpira hapa kwako mpaka dakika za nyongeza?” alisema mwenyekiti, akaandika kwamba shamba ni la Bi Asteria.