Stika za Wapangaji wa Haskett

Bwana Haskett alikuwa na majengo matatu katika jimbo hili la Marekani, ila kisheria aliishi jimbo jingine lenye kodi ya mapato nafuu, hivyo hapa hakuwahi kupiga kura. Mwaka huo alidhamini Pendekezo la Sita, sheria ya kupigiwa kura na wananchi, ili mwenye nyumba aweze kumtoa mpangaji bila notisi. Kwa ukarimu wake alimwita Mapendo, msemaji wa wapangaji wake Wakongomani, ambao wote walikuwa wamepata uraia.

"Wote wapige 'Ndiyo'. Pendekezo likipita, aliyenikaidi atakuwa wa kwanza kulala nje."

"Utamjuaje, bosi? Kura ni siri."

"Wapige picha karatasi zao."

"Sheria ya hapa inakataza. Utakamatwa wewe." Mapendo alijikuna shavu. "Lakini kwenye kituo cha kura wanatoa stika. Nitawapanga mbele yako, stika kifuani. Asiye nayo, mtoe."

"Stika ya serikali?"

"Ya serikali kabisa. Ila kituo kiko mbali, na wazee wetu magoti yamechoka."

Haskett, mpenda watu, akakodi basi, akaongeza na kuku wa kukaanga. Jioni ya siku ya kura alikagua vifua vyote, akatabasamu, akampa Mapendo mkono.

Asubuhi Pendekezo la Sita lilikuwa limekataliwa, na mtaa wa wapangaji wake ndio ulioongoza kwa 'Hapana'.

"Wote walikuwa na stika!" alifoka kwenye simu.

"Kila anayepiga kura hupewa, bosi. Hamia huku ulipe kodi, nawe utapata yako."