Ini la Fahali wa Mbonea

Hapo zamani, milimani Upare, palikuwa na Mbonea, mtu wa kondoo wengi na mlo mnono. Asubuhi mafuta ya mkia, jioni mafuta ya mkia. Mwishowe wazee wakampapasa ubavu wakasema, "Huyu ini lake limeingia mafuta." Lilikuwa zito kama amefungiwa jiwe. Akilala hatulii, akikaa hatulii, akitembea anahema.

Dada yake, Naetwe, akapanda mlima kuchuma mchunga, yale majani machungu. Akatwanga, akakamua, maji yakatoka meusi.

"Kunywa, kaka."

"Na ikiwa ni sumu?"

Jirani yao Sekiete akalipokonya bakuli, akalimaliza. Loo! Alitapika mchana kutwa, macho yamegeuka juu. Ndipo wakajua: si bakuli, ni kijiko. Mbonea akaanza kunywa, kijiko kimoja kila siku.

Siku hiyohiyo mke wa Mbonea, Nakijwa, akakibeba chungu cha mafuta akakivunja mlangoni. Mbonea akang'aka, "Rudi kwenu!" Hakurudi. Akampikia maboga, akatukanwa, akampikia tena.

Miezi ikapita, ubavu ukawa mwepesi. Mbonea akachinja fahali wa shukrani. Na kwao ini la fahali huyo ni la mtu mmoja, yule aliyempa mwenye nyumba uhai. Halikatwi vipande; ukilikata umewatukana wote.

Likawekwa juu ya makaa. Mbonea akashika kisu cha kuliopolea, akakiweka, akakishika tena.

"Kaka, jani alilijua nani?"

"Jani lako, wifi, juu ya mkia wa kondoo lingefanya nini?"

"Na wewe, umemwona nani akipona kwa boga?"

Sekiete akacheka. "Bishaneni tu! Mimi nimetapika mpaka uji wa utotoni. Angelinywa yeye lile bakuli, leo tungekula nyama ya matanga."

Nakijwa hakucheka. Akajifunga nguo kiunoni, akamwambia mumewe, "Baba Kangalu, uliponifukuza nilikataa. Leo ukimpa mwingine, hunifukuzi. Naondoka mwenyewe."

Mbonea akauzunguka moto. Ni jani? Ni kuacha mkia? Vilianza siku moja; nani avitenganishe sasa? Kando ya ini mbavu zikadondosha mafuta, moto ukalia chwaa, mate yakamjaa kinywani. Akaona haya.

Haya, wajukuu zangu, ini limeiva, linaanza kuungua, na wote watatu wanamtazama mkono. Kisu nawapa ninyi. Je, nani alistahili?