Gari Lililougua Mlimani Tu

Mtu mmoja wa Ruaha Mbuyuni alikuwa na gari lenye turbo, na mdomo wake ulikuwa na mbio kuliko gari. Jina lake Gaudensi Kikoti, mkulima wa vitunguu. Alisema gari lake likipita leo, vumbi lake linafika kesho. Alisema basi la asubuhi likimwona kwenye kioo linasogea pembeni lenyewe, kwa heshima. Watu walicheka, naye alipenda wacheke, maana mtu anayechekesha haulizwi ana nini moyoni.

Mke wake, Skolastika, alikuwa na uvimbe shingoni. Ulianza kama punje ya karanga, ukawa kama kitunguu, na sasa ulikuwa unambana pumzi. Kupanda ngazi nne za kanisa kulimtaka apumzike mara mbili. Daktari wa mjini Iringa alipanga kumpasua siku ya Alhamisi, akaonya siku hiyo isipite. Majirani walipomuuliza Gaudensi, alijibu, "Hakuna shida." Mke alipomtazama tu bila kuuliza, alijibu vilevile. Dada yake Gaudensi aliwahi kuingia chumba cha upasuaji akatoka amefunikwa shuka, lakini hilo hakulitaja kwa mtu.

Gari nalo lilikuwa na lake. Kwenye tambarare lilinguruma vizuri. Kwenye mlima, likiwa na mzigo, liliishiwa nguvu na injini ikagonga kama sufuria inayopigwa mwiko. Mafundi watatu walilipima. Gaudensi aliwaambia lina kikohozi kidogo, kwa sababu mdomo ule uliokwisha kulisifu haukuweza kusema kwamba linashindwa mlima. Basi wakalipima likiwa limesimama kivulini. Presha ya petroli ikaonekana safi. Mmoja akabadilisha plagi, wa pili filta, wa tatu pampu nzima, na wote wakampa mkono wa hongera.

Jumatano wakaondoka, Skolastika kiti cha mbele, na nyuma magunia ya vitunguu ya ndugu watakaowapokea. Mlima Kitonga ulipoanza tu, gari likakata tamaa. Gaudensi akalirudisha kinyumenyume hadi gereji ya chini ya mlima, kwa fundi mmoja mwanamke, mfupi, mwenye sauti nzito, aitwaye Tamali.

"Kamwene, kaka. Inasumbua wapi?"

"Kikohozi tu, dada fundi."

Tamali akamtazama Skolastika anavyovuta pumzi, akayatazama magunia. Gaudensi akaanza kufungua mlango wa nyuma ayashushe, gari lipimwe likiwa jepesi. Tamali akaurudisha mlango kwa goti.

"Kaka, gari yako haiumwi ikiwa imesimama. Twende ikaumwe mbele yangu."

Akafunga geji ya presha yenye paipu ndefu kwenye njia ya petroli, akaipitisha chini ya boneti, akaibandika kwa utepe wa gundi juu ya kioo cha mbele, mahali wote watatu wangeiona. Kisha akaketi juu ya gunia, akasema, "Kanyaga." Gaudensi akakanyaga. Turbo ikalia, mlima ukaongezeka, lakini mshale wa geji ukabaki palepale ulipokuwa tambarare, kama mtu asiyeambiwa kitu. Kwenye kona ya pili injini ikaanza kugonga. Lori la mbao likawapita polepole, na dereva wake, aliyezijua habari za lile vumbi, akachungulia dirishani: "Gaude, leo ndege inatembea kwa miguu?"

Gaudensi akasogeza gari pembeni, akampisha. Ilikuwa mara yake ya kwanza.

Walipoegesha, Tamali akafungua boneti na kuchomoa kwa vidole viwili kipaipu cha mpira, chembamba kama bua la kitunguu, kimepasuka na kuachia mahali pake. Akaeleza: turbo inaisukumia injini hewa, na hewa ikizidi, petroli nayo sharti izidi, la sivyo pistoni zinaungua hadi kutoboka. Lakini kile kifaa kinachopima petroli hakiuoni mlima. Kinaambiwa na kipaipu hiki. "Hakibebi hata tone la petroli," alisema. "Kinabeba habari tu, kwamba huku mbele kumekuwa kuzito. Kisipopeleka habari, unapewa petroli ya tambarare, na hakuna aliyekunyima."

Akakata kipande kipya, akakifunga kwa kibano, akasema wajaribu. Safari hii turbo ilipolia, mshale ukapanda nayo, taratibu, hatua kwa hatua. Gari likaumeza mlima pamoja na magunia, likalikuta lori la mbao na kuliacha. Fundi akashukia kileleni, akapata gari la kumrudisha, akaiacha geji kioo cha mbele wampitishie wakirudi.

Gaudensi hakujisifu. Alienda kidogo, akasimamisha gari pembeni, macho kwenye ule mshale.

"Mama Noela, mimi naogopa. Tangu siku daktari alipoitaja Alhamisi."

Skolastika akacheka mpaka ikabidi ajishike shingo.

"Baba Noela, nimeogopa peke yangu miezi mitatu nikidhani nimeolewa na gunia. Nilishaamua nikifika mlangoni pa hospitali nigeuze. Haya, washa gari. Nitaingia."

Akaingia Alhamisi. Gaudensi alimshika mkono hadi pale wauguzi walipomzuia, akawaambia na wao kwamba anaogopa, wakampa kiti na chai. Jioni Skolastika alifumbua macho, akavuta pumzi moja ndefu isiyokwama popote, akaomba uji. Wiki ya pili, wakishuka Kitonga, Gaudensi alikuwa amerudia kusema basi linampisha, na mkewe akisaidia kuongeza chumvi.

Basi wewe unayejibu "salama" hata ukiwa katikati ya mlima: kipaipu chako kimechomoka tangu lini, na ni nani wako anayekupimia ya tambarare kwa sababu hujamwambia?