Gundi ya Daktari wa Soli

Wahenga hawakuwa watu wa kununa. Walipenda kucheka kama tupendavyo sisi, ila walijua kwamba kuna mzaha ulio kama kipele: ukikikuna unaona raha, ukizidi kukikuna kinavimba, na siku kikipasuka hakitoki kicheko. Ndipo wakasema kwamba mzaha mzaha hutumbuka usaha, yaani jambo lililoanza kwa utani huweza kuishia kwenye madhara makubwa. Wengi huitamka methali hii kwa mdomo tu. Fundi viatu wa hadithi hii aliijua kwa pua yake mwenyewe.

Kibanda chake kilibanwa katikati ya duka la vifaa vya umeme na chumba cha kinyozi. Ndani mlikuwa na kigoda, chuma cha kugongea soli, makopo ya gundi na rundo la viatu vilivyopanua midomo kama vifaranga vinavyosubiri kulishwa. Mikono yake ilikuwa hodari. Ingeweza kupitisha sindano kwenye ngozi ngumu huku macho yake yakiwa kwingine, na mara nyingi yalikuwa kwingine kweli, kwenye simu iliyoegemezwa kwenye kopo la kiwi.

Alipenda habari za sayansi na teknolojia. Si kwamba alizielewa zote. Utamu wake ulikuwa chini ya habari, pale wasomaji wanapoandika maoni. Huko alijiita Daktari wa Soli, na jina hilo lilikuwa na wapenzi wake. Wanasayansi walipotangaza kwamba huenda kuna maji kwenye sayari ya mbali, aliandika: "Sisi mfereji uko mlangoni na maji hatuyaoni, ninyi mmeyaona huko!" Ilipotoka habari ya roboti anayepika, aliuliza: "Akiunguza wali, nani atanuniwa?" Watafiti waliporefusha umri wa panya, akaandika: "Paka wangu anaomba anwani ya maabara." Vile vinyuso vinavyocheka mpaka vinatoa machozi vilimiminika kama mvua, naye akawa anagonga misumari huku akitabasamu peke yake.

Siku moja ikatoka habari ya watafiti waliochunguza ute wa konokono, wakatengeneza gundi ya kuziba vidonda pasipo kushona kwa uzi. Fundi alisoma kichwa cha habari, akaangalia kopo lake la gundi, akacheka. Kisha akaandika:

"Mmechelewa! Sisi mafundi viatu tunayo gundi hiyo tangu enzi za babu. Safisha kidonda, paka gundi, ngoja ikauke kidogo, bana kwa nguvu, usifungue mpaka wiki ipite. Kama inashika soli ya mbeba mizigo, itashindwa na wayo wa binadamu? Hata kidonda cha kisukari kinaiheshimu."

Vicheko vya siku ile havikuwa na mfano. Jioni alimwonyesha mkewe, aliyekuwa anapinda sketi za wanafunzi kwenye cherehani. Mkewe alisoma, akatabasamu nusu, kisha tabasamu likazimika.

"La kisukari ungeliacha, baba watoto. Mama anaumwa ugonjwa huo huo."

"Aa, mama watoto! Watu wana akili zao. Nani atapaka mguuni gundi ya kiatu?"

Mkewe alirudi kwenye sketi zake. Alikanyaga cherehani, na maneno yakaishia hapo.

Mama yake huyo, yaani mama mkwe wa fundi, alikuwa mjane aliyeishi peke yake mtaa wa pili. Kwa miaka mingi alikuwa mpishi wa shule. Alizoea kulisha watu, si kulishwa, na kuomba msaada kwake kulikuwa kama kumeza mwiba. Haikupita muda akafika kibandani.

"Shikamoo, mama," fundi alisema, akainuka nusu.

"Marahaba, baba. Kaa, usiache kazi yako. Nimekuja kuomba gundi kidogo, kuna kitu changu kimeachia."

"Kilete nikitengeneze, mama. Utajisumbuaje na mimi nipo?"

"Ni kitu kidogo tu. Nitakibandika mwenyewe."

Simu ikatoa mlio wa ujumbe. Fundi aliichungulia, kuna mtu alikuwa amemwita profesa. Akamimina gundi kwenye kichupa huku akicheka kimoyomoyo, akampa mama mkwe bila kumtazama sawasawa. "Ukishapaka ubane kwa nguvu, mama. Siri yake ni hiyo."

"Ndivyo wanavyosema," mama mkwe alijibu, akaondoka zake. Fundi viatu, mtu aliyeweza kukisia mwendo wa mteja kwa kuangalia tu kisigino kilivyolika, hakuona kwamba mama mkwe wake alikuwa akichechemea.

Siku kadhaa baadaye kinyozi aliingia kibandani na simu mkononi. "Jirani, hebu nisaidie. Gundi hii wanayoisema huku kwenye kundi letu, ndiyo hiyo unayotumia wewe? Kaka yangu ana kidonda hakiponi."

Fundi alipokea simu. Juu paliandikwa kwa herufi kubwa: HABARI NJEMA KWA WENYE VIDONDA! DAKTARI BINGWA AFICHUA SIRI. Chini yake yalifuata maneno yake mwenyewe. Safisha kidonda, paka gundi, bana kwa nguvu, usifungue mpaka wiki ipite. Lakini "sisi mafundi viatu" ilikuwa imegeuka "sisi wataalamu", na "gundi" imekuwa "gundi ya viatu". Konokono hayupo. Vinyuso vya kucheka havipo. Daktari wa Soli alikuwa amenyang'anywa soli zake, amebaki Daktari mtupu. Mwisho kabisa palikuwa na amri: Mtumie kila umpendaye.

Fundi alimrudishia simu yake. "Huyu si daktari," alisema. "Mwambie kaka yako asithubutu. Ni mimi huyu. Nilikuwa natania."

"Wewe?" Kinyozi alimkazia macho, asijue kama hata hapo anataniwa. "Lakini mbona mke wa kaka ameletewa na mwalimu wa watoto wake?"

Kinyozi alipokwenda, fundi aliifuta ile kauli yake mtandaoni. Ilikuwa sawa na kufunga zizi ng'ombe wakiwa wamekwisha kuhama. Kila alipotafuta aliikuta nakala nyingine, na nyingine tena, mpaka sauti iliyorekodiwa ya mtu mwenye kikohozi akiisoma kwa unyenyekevu kama wosia wa marehemu. Akaandika: "Jamani, ule ulikuwa utani. Mimi ni fundi viatu, si daktari. Msipake!" Majibu hayakukawia.

"Wameshamlipa anyamaze huyu."

"Kampuni za dawa hazilali!"

"Mimi nimempaka mume wangu, tangu hapo amelala fofofo."

Fundi aliirudia kauli hiyo ya mwisho. Alitafuta kinyuso cha kucheka, hakukiona. Kwa mara ya kwanza maishani, Daktari wa Soli alisoma mzaha asijue kama ni mzaha. Akawaza kaka wa kinyozi, akawaza watu asiowajua, kila mmoja kajifungia kidonda chake, anangoja wiki ipite.

Adhuhuri mkewe alimpigia simu. "Pitia kwa mama ukifunga kazi. Nilitaka kwenda kumwona kanikataza, ati ana mafua. Sauti yake siipendi."

"Mafua?"

"Ndivyo asemavyo. Na anatetemeka, nasikia kabisa."

Fundi alikuwa ameshika kiatu cha mguu wa kushoto. Kikamponyoka. Kuna kitu changu kimeachia. Nitakibandika mwenyewe. Ndivyo wanavyosema. Maneno yale, ambayo siku ile yalipita masikioni kama upepo, sasa yalirudi yote, moja moja. Hakukumbuka kufunga kibanda. Alitembea, akakimbia, akatembea tena, watu wakimpisha njia kama mtu anayefukuza mwizi.

Mlango wa mama mkwe ulikuwa umerudishiwa tu. Ndani madirisha yalikuwa yamefungwa, na hewa ilikuwa na harufu mbili zilizopigana: ile ya gundi, aliyoizoea kama harufu ya shati lake, na nyingine tamu na mbaya. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti, shuka limemfunika mpaka kiunoni, midomo imemkauka.

"Mama, naomba nione mguu."

"We mtoto, umepatwa na nini? Tangu lini mkwe akamkagua mama mkwe mguu?"

"Tangu leo, mama. Nisamehe."

"Daktari amesema nisifungue mpaka wiki ipite. Bado siku chache tu. Niache nivumilie."

"Daktari gani?"

"Huyo wa kwenye simu. Ameeleza vizuri, kama mtu anayeijua kazi yake." Alipumua kwa shida. "Nilikanyaga kigae uani. Sikuwaambia. Mngenipeleka hospitali, na mimi namkumbuka jirani yangu, aliingia na kidonda akatoka na magongo. Niliposoma yale nikasema, kumbe Mungu hajanisahau."

Fundi alipiga magoti sakafuni. Alitamani ardhi ipasuke immeze. "Mama, huyo daktari ni mimi."

"Wewe?"

"Mimi. Nilikuwa natania."

Mama mkwe alimtazama, macho yaking'aa kwa homa. Hakupaza sauti. "Ulikuwa unamtania nani, baba?"

Yule aliyekuwa na jibu kwa roboti, kwa panya na kwa sayari za mbali, alishika ncha ya shuka. Akalifunua polepole. Kitambaa alichojifungia kidonda kilikuwa kimegandamana na ngozi, wayo umevimba na kung'aa, na wekundu ulikuwa umekwisha kupanda kifundo cha mguu. Akambeba mama mkwe wake mgongoni, mwiko au si mwiko, mpaka barabarani, akisimamisha kila gari.

Hospitalini muuguzi aliloweka kitambaa, akakibandua polepole. Mkewe alifika wakati daktari anapasua ile ngozi iliyofunikwa na gundi. Usaha ulitoka kama maji yaliyozuiliwa, ukajaza chombo, harufu ikawafukuza waliokuwa mlangoni. Fundi hakuondoka. Aliona ni haki yake kuinusa.

"Nani alimpa dawa hii?" daktari aliuliza.

Mke aligeuka kushoto na kulia, kama anayemtafuta mkosaji amrukie. "Ni mimi," fundi alisema. "Niliandika mimi, na gundi nilimpa mimi."

"Gundi hiyo imefungia uchafu ndani, kama mtu anayefunga mlango na mwizi yumo chumbani," daktari alisema. "Sukari imepanda sana. Tutasafisha, tutampa dawa, tutasubiri. Maambukizi yakizidi kupanda, tutakata chini ya goti. Sitawadanganya."

Walikaa kwenye benchi la ukutani, mume mwisho huu, mke mwisho ule. Kila mlango ulipofunguliwa walisimama wote wawili, na kila mara alikuwa mtu wa mgonjwa mwingine. Fundi alijaribu mara mbili kusema neno. Mara ya tatu mkewe akamtangulia.

"Walicheka wengi?"

"Nani?"

"Waliosoma. Walicheka wengi?"

"Wengi."

"Waite basi waje wakae hapa na sisi." Akajifunika uso kwa viganja, mabega yakamtikisika. Fundi alinyoosha mkono amshike, ukaishia hewani, akaurudisha mapajani.

Mguu ulipona kukatwa, kwa tundu la sindano. Kidole gumba na kinachofuata havikupona. Kaka wa kinyozi alikuwa ameonywa mapema, akaenda kutibiwa kama watu wengine. Lakini muuguzi alimweleza fundi kwamba kuna mgonjwa mwingine amelazwa wodi ya wanaume kwa gundi hiyo hiyo, na kwamba hawajui wangapi bado wamejifungia majumbani. Tangu hapo usingizi wa fundi ulikuwa wa mang'amung'amu.

Mchana mmoja, akiwa amekaa kando ya kitanda cha mama mkwe, alitoa simu akaandika tena kwenye ukurasa ule. Hakuweka tashbihi wala kejeli. Alieleza yeye ni nani, nini alichoandika, nani alikifuata, na vidole vingapi vilikatwa. Akawasihi waliopaka gundi waende hospitali siku ile ile. Akatuma, akangoja.

Jibu la kwanza likaingia. Vinyuso vinavyocheka mpaka vinatoa machozi, mstari mzima. "Daktari umerudi! Tulikukosa! Je, vidole vilivyokatwa navyo tuvirudishe kwa gundi?" La pili likafuata, na la tatu, kila moja likijitahidi kulizidi lililotangulia.

Mama mkwe alikuwa macho. "Wanasemaje?" aliuliza.

Fundi alitaka kumdanganya, akashindwa. "Wanacheka, mama."

Mama mkwe aliutazama mguu wake uliofungwa bendeji nyeupe, mfupi kuliko ulivyokuwa, kisha akamtazama mkwewe. "Endelea kuwaandikia," alisema. "Wewe nawe ulianza kwa kucheka hivyo hivyo."

Fundi akainama tena juu ya simu, akamjibu wa kwanza, akamjibu wa pili, mmoja baada ya mwingine, kwa maneno makavu yasiyochekesha mtu, huku watu wakizidi kucheka. Hakika, mzaha mzaha hutumbuka usaha.