Kwa Nini Kuuliza Hujenga Nyumba Tupu

Mnaoniuliza kwa nini programu yenu imejaa vitu ambavyo hamkuviweka, kaeni niwaambie. Na msinikatize, mimi si lecturer, silipwi.

Zamani lugha yetu ya skripti, hii tunayoandikia programu za kompyuta, ilikuwa nchi yenye bawabu mmoja, Mwadzombo, aliyejua kila kilichohifadhiwa humo. Ukimuuliza habari za mtu ndani ya nyumba, ndani ya mji, na mji wenyewe haupo, alikujibu palepale getini: hakuna. Jibu chungu, lakini safi. Mtu alilia, akaenda zake, akaanza maisha mengine.

Siku moja akaja mama aitwaye Mbeyu, mwanawe Ngumbao amepotea.

"Katika mji wa Mwangaza, nyumba ya bluu, mwanangu yumo?"

"Hakuna, mama."

"Hakuna nini? Umeegemea geti kama gavana. Umeangalia?"

"Mama, huo mji wenyewe..."

"Ingia uangalie! Au na kuangalia kunataka hongo?"

Mwadzombo, maskini, akaona haya. Lakini huwezi kuchungulia ndani ya nyumba isiyokuwepo. Basi akausimamisha mji, akaweka nyumba ndani yake, akafungua mlango, akachungulia. Akarudi.

"Nimeangalia, mama. Hayumo."

Alikusudia kubomoa jioni ileile. Imagine, alipofika na sururu alimkuta Mbeyu ameshafagia sebule, ametandika mkeka, chakula kimefunikwa kwa sahani. "Si nyumba hii hapa?" akasema. "Atakuja tu." Bawabu akaishusha sururu. Mama akazeekea pale, mlangoni pa nyumba iliyojengwa na swali lake mwenyewe, na hakuna aliyekula kile chakula.

Na tangu siku hiyo, katika lugha ile, ukiuliza tu kama kitu kimo ndani ya kingine, hicho cha nje huzuka chenyewe, kitupu, kimya, no error, no sorry. Ukihesabu nyumba utadhani nchi imestawi.

Nahisi bawabu yule alipata transfer serikalini. Uliza kama kuna ajira: itaundwa idara, idara ipate jengo, jengo lipate kiti kinachozunguka. Kazi? Haimo. Na sisi wa digrii tuko pale mlangoni, tai shingoni, tumeshafagia.